Dogo wa Nachingwea, kabla hujamwita mkeo mgumba nenda kapime na wewe

Dogo, uzi wako nimeusoma mara mbili. Unaendesha boda, ndoa ina mwaka na nusu, mimba hakuna, bi mkubwa, mama yako, kashaanza maneno, na muuza dawa za miti kakwambia mirija ya uzazi ya mkeo imeziba. Kamwangalia macho tu akajua! Halafu unauliza mimba inaingiaje hasa na kama siku ya 14 toka hedhi ianze mnaikosea. Nitajibu kwa marefu maana hii njia nimeipita miaka minne, mimi mtu wa Tandahimba, mkulima wa korosho.

Mirija kuziba haionekani machoni. Kuna picha ya eksirei wanapitisha dawa ya maji kwenye kizazi waone kama inatokea upande wa pili. Huyo muuza dawa mwache kama alivyo.

Sasa siku ya 14. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, kama milioni moja mpaka mbili, akivunja ungo yamebaki laki tatu nne hivi, na yatakayopevuka yakatoka maisha yake yote ni kama 400 tu. Kila mwezi kwa kawaida linatoka moja, linadakwa na mrija, na humo ndimo linakutana na mbegu, sio kwenye kizazi kama wengi tunavyodhani. Yai likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24 basi, ila mbegu zinaweza kuvumilia humo ndani mpaka siku tano kama ute mzuri wa ukeni upo, kwa hiyo mbegu zitangulie zikalisubiri yai, ukichelewa umekosa mwezi. Na hesabu yake inaanzia mwisho, yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA. Mke wangu mzunguko wake ni siku 35, yai lake linatoka kwenye siku ya 21, sisi tunajituma siku ya 14 halafu tunapumzika kama watu waliokwisha vuna. Mwaka mzima hivyo! Mwambie mkeo aangalie ute, ukianza kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku, hizo ndo siku.

Jandoni walituimbisha mengi ila haya hakuna aliyeyasema, na ya kwetu wanaume ndo kabisaaa.

Mimi pumbu la kushoto lilikuwa linavimba nikisimama muda mrefu, hasa msimu wa kupuliza dawa mikorosho, pampu mgongoni toka asubuhi. Nikajua busha linaanza. Unajua huku kwetu busha na matende vilivyo, na wazee wanavyosema ni madafu, kumbe ni minyoo inayoletwa na mbu. Nikaona aibu nikanyamaza, mke wangu ndo akawa anapelekwa kwa waganga, anakunywa machungu ya kila rangi, mimi nipo nimekaa kimya tu. Hilo mpaka leo linaniuma.

Siku tumefika hospitali Mtwara mjini daktari akasema tunapimwa wote wawili. Akazima taa, akawasha tochi ndogo akaiweka nyuma ya pumbu. Akaniambia lingekuwa busha lenye maji, mwanga ungepenya pawe pekundu kama kibatari ndani ya chungwa. Halikuwaka. Akanishika akaniambia nibane pumzi nikaze tumbo, na mimi nikajishika nikasikia kama fungu la tambi zilizopikwa. Ni mishipa ya damu imevimba, damu inatuama, joto linapanda. Na pumbu Mungu kaliweka nje kwa sababu hiyohiyo, mbegu zinataka ubaridi wa nyuzi mbili mpaka nne chini ya joto la mwili.

Kupima mbegu sasa! Unakaa siku mbili mpaka saba bila tendo, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, na Tandahimba mpaka Mtwara haiwezekani, kwa hiyo nikapewa kichupa nikaonyeshwa choo, nje watu wanagonga mlango. Nilitoka jasho dogo. Majibu yakaja milioni 4 kwa mililita moja, wakati kiwango cha chini wanachotumia WHO ni 16. Mimi nilikuwa nabisha, mbona maji yapo mengi? Kumbe maji mengi yanatoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana, hata zisipokuwepo kabisa kwa macho hutajua. Na nguvu za kitandani ni habari nyingine, usichanganye.

Nikafanyiwa opresheni ndogo ya kufunga ile mishipa. Kilichonishinda ni kusubiri, maana mbegu moja toka inaanza kutengenezwa mpaka iive ni kama miezi mitatu, unayoitoa leo ni ya zamani. Wiki ya pili nataka kurudi kupima, daktari akanicheka. Mwezi wa tano baada ya opresheni nikapima ikawa milioni 19, wa tisa mke wangu akashika mimba. Akazaliwa wa kike, bi mkubwa wangu akasema sasa mkeo atuletee wa kiume, nikamwambia mama, mbegu yangu ndo inabeba dume au jike, hapo nidai mimi. Akaguna akaenda kupika uji wa mzazi.

Boda sitaihukumu, joto la kukaa siku nzima na jinzi ya kubana halisaidii ila usikimbilie kusingizia pikipiki. Mkeo kama hajafika 35 mwaka mmoja bila mimba unatosha kwenda hospitali, akizidi hapo ni miezi sita, nyie mshachelewa. Nendeni wote siku moja. Na wewe ndo uanze, kipimo chako ni kichupa tu, cha kwake cha mirija kinauma.