Kitufe cha oveni kimekwama: maswali yenu na majibu

Fundi habari. Kitufe cha kuwashia kwenye oveni yangu kimezama ndani hakirudi, alafu inalia piii bila kukoma. Nimejaribu kukichokonoa na kisu wapi.

Nzuri dada. Hicho kisu kiweke mbali kabisa, nakuomba. Oveni hata ukiizima kwa kitufe chake umeme bado upo kwenye bodi, ile sahani ya elektroniki inayoendesha oveni, ndo maana saa inaendelea kuonekana, kwa hiyo nenda kashushe breka ya jiko (ile swichi ya kukata umeme) kwanza, rudi uangalie saa imezima kweli, ndo uguse kitu. Huo mlio ni kwa sababu bodi inaona kama kuna mtu kashikilia kitufe muda wote.

Sa kinachokwamisha mara nyingi ni mafuta na sukari. Unapika, mvuke wa mafuta unapanda unaingia kwenye ule mwanya mwembamba unaozunguka kitufe, ukipoa unaganda, kesho tena hivyo hivyo, mpaka inakuwa kama gundi ya kahawia. Chukua kijiti cha pamba kile cha masikio, chovya kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, kikamue kisidondoshe, zungusha ukingoni huku unabonyeza na kuachia, bonyeza achia, hata mara thelathini. Kijiti kitatoka cha kahawia, tupa chukua kingine, endelea mpaka kitoke cheupe. Uchafu ukiwa mgumu tumia kijiti cha meno cha mbao, sio sindano wala kisu. Ukimaliza iache ikauke kama saa nzima kabla ya kurudisha umeme maana spiriti inashika moto.

Alafu sikiliza. Kitufe kizima ukikibonyeza unasikia "ta" ndogo na kidole kinaihisi, hiyo ni ya kiswichi kidogo kilichokaa nyuma yake. Kama kitufe sasa kinarudi vizuri ila hamna hiyo "ta", kiswichi ndo kimekufa na fundi wa elektroniki anakitoa anachomelea kingine, usikubali haraka haraka kuambiwa ununue bodi nzima.

Vitufe vyangu vyote vimegoma kwa pamoja, ila saa inaonyesha na taa ya ndani inawaka. Vimekufa vyote?

Vyote kwa siku moja? Sidhani. Angalia kwenye kioo cha saa kama kuna kialama cha kufuli au ufunguo, hiyo ni loki ya watoto, na mtu anaweza kuiweka bila kujua wakati anafuta tu paneli, yaani ule uso wenye vitufe. Shikilia kitufe chenye hicho kialama sekunde 3 mpaka 5. Ikigoma shusha breka dakika tano, rudisha, jaribu tena.

Nimepulizia sprei ya kusafishia kwenye paneli, jioni yake oveni ikajiwasha yenyewe. Naogopa.

Una haki ya kuogopa na hili naomba usilichukulie poa. Shusha breka na uiache chini, usirudishe eti uone kama imepona. Paneli yako inaelekea ni ile ya plastiki laini isiyo na vitufe vilivyotokeza, chini ya hiyo ngozi kuna karatasi mbili za plastiki zimechorwa njia za umeme na zinatenganishwa na nafasi ndogo sana, ukibonyeza zinagusana. Maji ya sprei yakipenya humo yanaziunganisha yenyewe. Iache siku moja au mbili ikauke, usitumie drayer ya moto. Ukirudisha umeme simama hapo hapo. Ikijiwasha tena au ikiandika F na namba, yaani alama ya kosa, zima uite fundi, kwenye oveni nyingi achomoe ule utepe wa waya unaotoka kwenye paneli aone, kosa likiondoka shida ni paneli, likibaki shida ni bodi. Na siku zote sprei unapulizia kwenye kitambaa, sio kwenye oveni.

Je naweza kupuliza WD-40, ile sprei ya kulainishia vyuma, ili kilainike?

Hapana. Itateleza siku mbili tatu, alafu ule ute unaobaki unakamata vumbi na mafuta, kinakwama kuliko mwanzo. Tena inashika moto na hapo ni karibu na joto.

Nimesafisha mara tatu sasa, kila baada ya wiki chache kitufe kile kile kinakwama. Nichoke?

Usichoke, ila acha kuangalia kitufe, angalia mlango. Nilishawahi kubadilisha kitufe cha oveni moja mara mbili, mara ya tatu ndo nikaweka kiganja juu ya mlango oveni ikiwa inafanya kazi nikahisi mvuke unanipiga, unatoka pembeni unapanda moja kwa moja kwenye paneli. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa kwenye kona. Oveni ikiwa imepoa bana kipande cha karatasi kwenye mlango uvute, fanya hivyo pande zote. Pale karatasi inapotoka kirahisi kama hakuna kitu, hapo ndo mvuke unapita. Mpira unabadilishika bila kufungua bodi. Na ile feni inayoendelea kuvuma ukishazima oveni usiikatishe kwa kuzima ukutani, ndo inayopoza paneli.

Yangu ni maikrowevu, kitufe cha kufungulia mlango kimekwama, nifungue kava mwenyewe?

Usifungue. Ndani kuna kapasita inayotunza umeme wa maelfu ya volti hata ukiwa umeshachomoa plagi, na inaua. Safisha kwa nje na kijiti cha pamba kama nilivyoeleza juu, ikigoma mpelekee fundi ikiwa imefungwa hivyo hivyo.