Ateri za Ubongo Hazifanani: Ushauri kwa Wanaoanza Mafunzo ya Upasuaji

Mwaka 1664 daktari Mwingereza Thomas Willis alichapisha kitabu chenye mchoro wa duara la ateri lililo chini ya ubongo, na mpaka leo duara hilo linaitwa kwa jina lake. Ninyi mnaoanza mafunzo ya ubingwa mmelikariri mkiwa bado mwaka wa kwanza wa udaktari. Hata hivyo, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba duara lililokamilika, lenye ateri zote katika upana wake wa kawaida, hupatikana kwa watu pungufu ya nusu. Kwa hiyo someni picha za mgonjwa aliye mbele yenu kana kwamba hamjawahi kuuona mchoro huo.

Anzeni na ateri unganishi ya nyuma, inayounganisha ateri za mbele na za nyuma za duara hilo. Kwa watu wengi ni nyembamba, lakini kwa baadhi yao hubaki pana kama ilivyokuwa tumboni mwa mama, na ndiyo inayopeleka damu nyingi kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo, kwa kuwa njia inayotoka kwenye ateri ya basila, ile kubwa inayopanda mbele ya shina la ubongo, ni finyu au haipo kabisa. Uvimbe wa ukuta wa ateri hutokea mara nyingi mahali hapo hapo. Mpasuaji anayeweka klipu, yaani kibanio kidogo cha metali cha kufunga uvimbe huo, bila kulitambua hilo anaweza kuibana ateri yenyewe, na mgonjwa akaamka akiwa amepoteza nusu ya uwanja wake wa kuona, ingawa uvimbe umefungwa vizuri.

Upande wa mbele unahitaji uangalifu zaidi. Pale ambapo ateri ya mbele ya ubongo ya upande mmoja ni nyembamba mno tangu mwanzo wake, ile ya upande wa pili hulisha pande zote mbili, na msukumo huo wa damu ni sababu mojawapo ya uvimbe kujitokeza kwenye ateri unganishi ya mbele, inayoziunganisha hizo mbili. Kabla ya klipu kufungwa, tambueni ateri zote zinazoingia na kutoka, kisha itafuteni ateri ya Heubner, tawi jembamba la ateri ya mbele ya ubongo, inayorudi nyuma sambamba na ateri iliyoizaa na mara nyingine huwa zaidi ya moja. Wembamba wake usiwadanganye, kwani ikiziba, mgonjwa huweza kudhoofika uso na mkono.

Yapo maumbile adimu pia, kama ateri ya trijemina iliyosalia tangu mimba, inayounganisha ateri ya karotidi na ile ya basila, ambayo mara chache hupita karibu sana na tezi ya pituitari, katika njia ya anayepasua kupitia puani.

Mimi huwataka wanafunzi wangu wazichore kwa mkono ateri za kila mgonjwa usiku wa kuamkia upasuaji, kutoka kwenye picha zake mwenyewe, kisha tofauti zilizoonekana waziandike katika ripoti ya upasuaji, kwa sababu mgonjwa huyo anaweza kufunguliwa tena miaka mingi baadaye, katika hospitali nyingine, na daktari ambaye hatutakutana naye.