Barua kwa mwanangu: mwenye vyombo vingi na baharia mmoja

Mwanangu,

Meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa jikoni sikushika kitu. Nimeona nikujibu kwa kuandika, na herufi za simu nimezikuza kwa ajili ya hili jicho langu la kushoto, kwa hivo ukiona maneno yamerukana usinicheke.

Umesema hivi: kampuni ya hapo Toronto inayotengeneza kamera za kukagua chupa na makopo kiwandani inakutaka kazi, mshahara utashuka theluthi nzima lakini utapewa haki ya kununua hisa asilimia 0.4, na washachangisha dola milioni 18 kutoka kwa VC, yaani wawekezaji wa kampuni changa, wenye majina. Afu ukamalizia, "Mama, watu wenye akili vile washaweka pesa zao, sasa mimi naogopa nini?"

Hilo la mwisho ndo limenikalisha kitako. Wajua miaka kumi na moja pale London kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu za mfuko wa watu hao hao, mimi sikuwa nachagua kampuni, nilikuwa chumba cha nyuma na makaratasi, lakini makaratasi ndo yanayosema ukweli. Kwanza hizo si pesa zao, au kidogo tu ndo zao. Nyingi ni za mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, matajiri, wamepewa wazizungushe kama miaka 10 hivi. Wao wanakata karibu asilimia 2 kila mwaka ya kuendesha ofisi, na faida ikipatikana wanachukua asilimia 20. Tuseme mfuko ni wa dola milioni 100, watautawanya kwenye kampuni 25 au 30, na tangu siku ya kwanza wanajua nyingi zitakufa au zitarudisha kile kile kilichoingia. Wanachotafuta ni moja, mbili zikizidi, zitakazolipa mfuko mzima. Mchezo huu ni wa zamani, mwaka 1957 kampuni ya Georges Doriot pale Boston iliweka dola 70,000 kwa Digital Equipment, watengeneza kompyuta, na kile kipande kikaja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni, na mpaka leo kila VC anaota hiyo ndoto.

Babu yako kule Vanga alikuwa baharia wa kuajiriwa maisha yake yote, na mwenye chombo alikuwa na madau mengine saba au manane. Samaki wakiuzwa, linatolewa kwanza fungu la chombo na la nyavu, kinachobaki ndo wanagawana waliolowa. Dau moja likizama mwenye vyombo anakasirika, anakula, analala. Baharia akizama kazama. Sasa we waniuliza mbona mwenye vyombo haogopi!

Na hilo fungu la kwanza kutolewa, huko kwenu liko vilevile, tena limeandikwa na mawakili. Hisa za wawekezaji huwa zina haki ya kulipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Piga hesabu na mimi: leo wamechangisha 18, miaka miwili ijayo waongeze 30, jumla 48. Kampuni ikauzwa milioni 45. Magazeti yataandika imeuzwa milioni 45, watu wa nyumbani watakupigia simu kukupongeza na kukukopa, na wewe hupati hata senti kwa sababu wale wa mbele hawajatimiza 48 zao. Nimeliona hili kwa macho yangu, kampuni moja iliyokuwa kwenye vitabu vyetu, sitaitaja, vijana waliokaa pale miaka sita wakatoka na barua ya shukrani tu, na mimi ndo niliyepanga lile jedwali la nani anapata nini, sikulala vizuri wiki ile. Lakini ikiuzwa milioni 200, hapo sawa, 0.4 yako itakuwa imeshapungua kwa hisa mpya zinazotolewa kila wakichangisha tena, tuseme imebaki 0.3, hiyo ni dola laki sita kabla ya kutoa bei ya kununulia hisa na kodi. Si haba. Ila uliza pia ukiacha kazi unapewa siku ngapi za kuzinunua, mara nyingi ni 90 tu, na watu huzipoteza kwa kukosa pesa ya kuzilipia.

Haya, hiyo ni pesa. Sasa kamera zenyewe.

Wewe uko mji ambao haya mambo ya kompyuta kuona yalipopata moto. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingia shindano la ImageNet la kutambua vitu kwenye picha, wakakosea asilimia 15.3 wakati aliyewafuata alikosea 26.2. Wakafungua kampuni ya watu watatu, bidhaa hawana, na Google wakainunua kwa dola milioni 44. Baada ya hapo kila mtu mwenye kamera na mhandisi mmoja akawa na startapu. Kule ofisini walikuwa wanaletewa maonyesho, unakaa unaangalia kompyuta inazungushia mbwa boksi la kijani, watu wanapiga makofi. Mimi nilikuwa najiuliza, haya, kashamwona mbwa, sasa?

Chukua kampuni ya Lytro. Ren Ng alitoka Stanford na elimu ya kweli kabisa, kamera inayokamata mwanga kwa namna ambayo ukishapiga picha unaweza kurudi ukachagua kipi kiwe wazi na kipi kififie. Ilitoka 2012 kwa dola 399, ajabu ya dunia, nilishika moja mkononi. Wakachangisha zaidi ya dola milioni 200, na 2018 wakafunga. Haikuwa kwamba haifanyi kazi, la, ila hakuna mama aliyekuwa amekaa nyumbani akilia kwamba hawezi kubadilisha ukungu wa picha ya harusi baada ya harusi, na simu tayari ilikuwa mfukoni mwake.

Afu chukua kampuni ya Blue River, California, 2011. Jorge Heraud na Lee Redden walianza na wazo la roboti ya kukata majani ya viwanja, wakazunguka kuuliza watu, wakagundua maumivu yako shambani. Wakatengeneza mashine inayovutwa na trekta, inatazama mche wa saladi, inaamua huyu abaki huyu aondoke, palepale. Baadaye ikawa ya kunyunyizia dawa gugu peke yake badala ya kumwagia shamba zima. Mkulima anajua kila msimu analipia dawa kiasi gani, kwa hivo hakuhitaji kuelezwa. 2017 John Deere, wale wa matrekta, wakainunua kwa dola milioni 305. Ukiniuliza mimi, sikuona jicho lao likiwa kali kuliko la Lytro, ila lilikuwa limeshikana na mkono.

Kwa hivo hao wako waulize: kamera ikiona chupa ina ufa, nini kinatokea? Mashine inaitoa yenyewe au kuna mtu anatumiwa ujumbe asiousoma? Kiwanda kinalipa sasa hivi kwa mkataba, au bado ni "majaribio"? Majaribio ni ugonjwa wa hizi kampuni, viwanda vikubwa vinapenda kujaribu kwa sababu pesa ya kujaribu ni ndogo, wanaweza kukuweka kwenye majaribio mpaka mtaji uishe. Na kila kiwanda taa zake tofauti, chupa zake tofauti, je wanapofunga kiwanda kipya wanapeleka wahandisi wangapi, kwa wiki ngapi? Kama ni watano kwa miezi mitatu, basi hiyo ni kazi ya fundi ujenzi iliyovaa suti ya programu. Na picha za kuifundishia kompyuta nani anazichorea alama? Binti ya mjomba wako alifanya hiyo kazi Nairobi, kutwa kuchora maboksi kuzunguka watu na magari barabarani, hata yeye hakujua ni za nani.

Jingine, kukagua bidhaa kwa kamera si jambo jipya vile wanavyokwambia. Cognex wako tangu 1981, Robert Shillman aliianza na akiba yake mwenyewe, na Keyence wa Japani ni wakongwe zaidi. Hawa wanauza viwandani kila siku. Afu upande wa pili kuna vya bure, April 2023 Meta, wenye Facebook, waliachia programu yao ya kutenganisha kila kitu kilichomo kwenye picha, Segment Anything, yeyote achukue. Sasa kampuni yako imebanwa katikati, wana nini ambacho hawa hawana? Wakijibu "timu yetu", mwanangu, kunywa chai yao urudi nyumbani.

Wakikujibu vizuri mimi sina neno. Una miaka 29, mkeo ana kazi, na pale benki nakusikia sauti unavyopiga miayo. Ila omba ile theluthi ya mshahara inayokatwa ishuke iwe robo, na wakuonyeshe kwa maandishi jumla ya hisa zote ni ngapi, manake asilimia bila jumla ni hewa, na nani analipwa kabla yako. Wakikasirika kwa kuulizwa hilo, ushajua.

Ukipata hayo makaratasi nitumie niyasome. Alhamisi lakini usinipigie asubuhi, naenda kutolewa mtoto wa jicho, daktari kasema nusu saa tu, dada yako atanipeleka. Tuma Ijumaa, nitakuwa naona.

Mama