Maswali ya Wasomaji: Ua la Mwambani Hupataje Jina?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Milima ya Usambara. Juu ya kijiji chetu, kwenye mwamba wenye kivuli ulio kando ya kijito, huota mmea mdogo wenye majani manene yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Mgeni mmoja aliyepita huku alisema huenda wanasayansi hawaujui bado. Nitahakikishaje? Na kama kweli ni mpya, nani huupa jina? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Mwalimu, tunakushukuru kwa barua yako. Kwa jinsi ulivyoueleza, mmea huo unaelekea kuwa wa kundi la Saintpaulia, yaani yale maua ambayo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani karibu dunia nzima, ilhali kwa asili huota Tanzania na Kenya peke yake, hasa katika misitu ya pwani na ya Milima ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima ambayo Usambara yenu ni sehemu yake.

Historia ya kundi hilo inajibu sehemu kubwa ya swali lako. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani, nao ukafika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliuandikia maelezo ya kisayansi na kuupa jina Saintpaulia ionantha. Hata hivyo, sampuli zilikuwa zimekwisha kukusanywa kabla yake: John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alikusanya mwaka 1884, na mwaka 1887 akafuata mmisionari W. E. Taylor, yule yule ambaye wapenzi wa ushairi wanamfahamu kwa kukusanya mashairi ya kale ya Mombasa. Sampuli zao hazikutosha kuandikiwa maelezo kamili, kwa hiyo mmea ukaendelea kukaa bila jina la kisayansi, ingawa wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakipita kando yake vizazi na vizazi.

Ndiyo maana mtu hawezi kutangaza spishi mpya, yaani aina mpya ya mmea, kwa kuutazama ukiwa mwambani. Mtaalamu huukausha mmea kwa kuubana baina ya karatasi, huhifadhi maua katika spiriti ili umbo lake lisipotee, kisha huenda kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, akaulinganisha na sampuli za spishi zote zinazokaribiana nao. Akiridhika kwamba haufanani na wowote, huchapisha maelezo yake kwa Kilatini au Kiingereza, na huteua sampuli moja iwe rejeo la kudumu la jina hilo. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka, na mimi naona ni haki ichukue muda huo. Katika kundi hili hili, spishi nyingi zilitenganishwa kwa kuangalia urefu na mlalo wa vinyweleo vya majani, hadi zikafika kama 20. Mwaka 2006, mtaalamu Iain Darbyshire alipozipitia upya, alibakiza 6 tu, na nyingi kati ya zile alizoziondoa akazifanya kuwa nususpishi, yaani aina ndogo ndani ya spishi moja, za ionantha. Mwaka 2015 kundi zima likahamishiwa katika jenasi (kundi la spishi zenye asili ya karibu) ya Streptocarpus.

Pamoja na hayo, mgeni wako hakusema jambo lisilowezekana. Mwamba wenye kivuli na unyevu ni kisiwa kidogo: udongo wake ni kiganja tu, mimea mikubwa haiwezi kushika mizizi hapo, na baina yake na mwamba mwingine wa namna hiyo huenda pana bonde kavu au shamba. Mimea iliyotengana hivyo kwa muda mrefu hubadilika kila mmoja kwa njia yake. Lakini hali hiyo hiyo huiweka hatarini, kwa kuwa miti iliyo juu ya mwamba ikikatwa, jua hupenya na mmea hukauka, hata kama hakuna aliyeugusa.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakusihi sana usiung'oe. Upige picha nyingi: mmea mzima, upande wa chini wa jani, ua likitazamwa mbele na ubavuni, na matunda yakiwepo, huku rula ikiwa kando ili vipimo vionekane. Andika mahali, mwinuko na tarehe, kisha upeleke taarifa kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha. Kukusanya sampuli kunahitaji kibali, hasa ndani ya msitu wa hifadhi, na hiyo ni kazi waachie wao. Mahali penyewe usipatangaze mitandaoni, kwa kuwa wapo wanaoivizia mimea adimu ili waiuze.

Kuhusu jina, huchaguliwa na yule anayeandika maelezo. Kwa desturi haupi mmea jina lake mwenyewe, bali hutumia sifa ya mmea, jina la mtu anayemheshimu, au mahali ulipopatikana, kama shumensis ilivyotokana na Shume, huko huko kwenu Lushoto, na teitensis ilivyotokana na Taita. Wataalamu wakija, waongoze wewe mwenyewe hadi mwambani, na uwatajie kwa usahihi majina ya kijiji, kijito na mlima ili yaandikwe kwenye lebo ya sampuli.