Shangazi, tununue kola ya aina gani?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi South B na mchumba wangu wa miaka 35. Mapenzi yetu ni ya BDSM: yeye anaongoza, mimi namtii, na yote tumekubaliana sisi wawili bila mtu kumlazimisha mwenzake. Sasa nataka kola, yaani mkanda wa kuvaa shingoni kama ishara ya utii wangu kwake. Kwangu ina uzito wa pete ya uchumba. Yeye ameona mnyororo wa mbwa dukani na anasema utatosha, tena angependa kuniongoza kwa kamba iliyofungwa kwenye kola hiyo. Tununue ipi, na kuna hatari gani?
Mchumba, South B

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na ule mnyororo: mwambie auache hukohuko dukani. Minyororo mingi ya kufunzia mbwa imetengenezwa ijikaze inapovutwa, na ikishajikaza si lazima ilegee mtu akiachilia. Hata mikanda ya nailoni isiyojikaza huwa na kingo zinazokwaruza. Mbwa ana manyoya ya kumkinga, wewe huna.

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikuwa muuguzi, na katika michezo yote ya wapenzi hakuna sehemu ya mwili ninayoihofia kama shingo. Weka vidole viwili kando ya koromeo lako, chini kidogo ya taya. Unasikia mapigo? Hiyo ni ateri inayopeleka damu kwenye ubongo, na mwenzake yuko upande wa pili. Hakuna mfupa unaozikinga. Zikibanwa zote mbili, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 au hata chini ya hapo, na huenda asipate nafasi ya kulitamka lile neno mlilokubaliana la kusimamisha mchezo. Tena hapo hapo shingoni mwili una vihisio vya kupima presha ya damu. Vikibonyezwa, moyo wa baadhi ya watu hupunguza mwendo ghafla na presha ikashuka. Wengi hudhani hatari ni kukosa pumzi tu, kwa hivyo wakiona mwenzao anapumua na kuongea, wanatulia. Wanakosea sana. Mtu anaweza kuwa anapumua vizuri huku damu haifiki kichwani inavyotakiwa.

Ndiyo maana ushauri wangu, na huu sitaulegeza kwa yeyote, ni kwamba kola ivaliwe, isivutwe. Mchumba wako akitaka kukuongoza kwa kamba, aifunge kwenye mkanda wa kifuani au kwenye pingu laini za mikono. Najua wapo wanaopenda kuiona kamba ikining'inia kwenye kola. Kama ni lazima, ifungwe kwenye pete ya mbele, kwa sababu mvuto wa kutoka nyuma unaangukia wote kwenye koo. Iwe imelegea muda wote, naye aishike kwa vidole, asiizungushe mkononi. Kati ya kamba na pete tieni uzi mwepesi utakaokatika wa kwanza iwapo utajikwaa. Isifungwe kamwe kwenye kitanda, kwenye mlango au kwenye grili ya dirisha, hata kwa ile dakika moja anayotoka kupokea simu. Na usilale na kola shingoni.

Sasa tuje kwenye kununua, na hapa nina furaha nawe, kwa sababu Nairobi hii mafundi wa ngozi hawakosekani. Nenda soko la Kariokor, kwa hao wanaoshona sandali na mikanda, umwambie fundi unataka mkanda wa shingo wa kipimo chako. Si lazima umweleze ni wa nini. Jipime kwanza nyumbani kwa tepu ya fundi cherehani, ukiwa umeketi wima, chini kwenye shina la shingo karibu na mitulinga, maana hapo ndipo kola inapopaswa kukaa, mbali na koromeo. Upana wa sentimita 3 hadi 4 unawafaa wengi. Kola nyembamba hukata, na pana kupita kiasi husukuma taya juu. Pitisha kidole upande wa ndani: kingo ziwe zimesuguliwa, ribiti zisitokeze, na kuwe na bitana ya ngozi laini. Pete za chuma ziwe zimechomelewa. Ukiona mwanya kwenye pete, mwambie abadilishe. Kifungo kiwe cha bizimu, kama cha mkanda wa suruali, chenye matundu kadhaa, kwani shingo ya asubuhi na ya jioni ya joto hazilingani.

Ukifika nayo nyumbani, ijaribuni mchana mkiwa mmetulia, hata kabla ya kufikiria chumba cha kulala. Ukishaifunga, vidole vyako viwili vipite chini yake bila kusukuma. Meza mate. Shusha kidevu hadi kifuani, geuka kulia na kushoto, ongea sentensi ndefu. Sauti ikibadilika, legeza tundu moja. Halafu pika nayo ugali, inama utafute sufuria kabatini, panda ngazi. Mahali inapobana utapajua ukiwa kwenye shughuli za kawaida. Na mchumba wako ajifunze kuifungua akiwa amefumba macho, kwa mkono mmoja, mpaka aizoee kabisa, kwa sababu stima zikipotea usiku hapatakuwa na muda wa kutafuta tochi. Wekeni pia makasi ya wauguzi yenye ncha butu mahali penu pa siku zote, na muyajaribu kwanza kwenye kipande cha ngozi hiyohiyo. Ngozi nene huyashinda makasi mengi.

Neno la kusimamisha mnalo. Ongezeni ishara ya mkono, kwa mfano kushika funguo za nyumba na kuziachia zianguke, kwa wakati ambao sauti haitoki. Pombe iwekwe kando siku hiyo.

Iwapo shingo itabanwa kwa bahati mbaya, kisha ukasikia sauti inakwaruza, unameza kwa shida, kichwa kinauma, au ukaona madoa madogo mekundu machoni, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unajihisi nafuu. Uvimbe wa koo unaweza kuja saa kadhaa baadaye, na ukuta wa mshipa ukichanika kwa ndani, kiharusi kinaweza kufuata hata baada ya siku kadhaa. Mwambie daktari ukweli kwamba shingo ilibanwa. Akidhani ni mafua ya koo atakupa dawa ya koo.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwanamume, nafanya kazi ofisini Upper Hill. Mke wangu alinivisha cheni nyembamba iwe kola yangu ya mchana, ya kuvaa chini ya shati. Sasa shingo inawasha na imetoka vipele vyekundu pale cheni inapogusa. Nisingependa kuivua.
Mtii, Lang'ata

JIBU: Ivue leo, baba, na mwonyeshe mkeo hizo alama. Hiyo ni dalili ya kawaida ya mzio wa nikeli, madini yanayochanganywa kwenye vidani vingi vya bei nafuu, na jasho ndilo linaloyatoa nje yakafika kwenye ngozi. Acha ngozi ipone kabisa, na ikichelewa kupona mwone daktari. Ukinunua nyingine, chuma cha pua cha daraja la 316L kina nikeli pia, ila imeshikiliwa ndani na wengi hawadhuriki. Mwenye mzio mkali achague titani. Kifungo chake kiwe chepesi cha kukatika kikinaswa, hasa kama unapanda bodaboda. Na ukiandikiwa kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya mwili kwa sumaku kubwa, ivue kabla hujaingia chumba kile.

SWALI: Shangazi, mwenzangu alinivisha kola ya chuma yenye kufuli. Mwanzoni niliipenda. Sasa anakwenda kazini na ufunguo, na nikimwomba aivue anasema nilishakubali siku ile.
Nimechoka, Kasarani

JIBU: Pole sana, mwanangu. Ulikubali siku ile, na leo umekataa. Cha leo ndicho chenye nguvu. Ndani ya BDSM yenyewe, watu wanaoiheshimu wanajua hivyo: anayevaa ndiye mwenye haki ya kuivua saa yoyote, na ufunguo wa pili hukaa mahali anapoweza kuufikia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inasema mtu amekubali pale anapoamua kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Mtu aliyefungiwa kufuli asiyoitaka hana uhuru huo.

Usijaribu kuikata mwenyewe shingoni. Fundi wa kufuli anaweza kufungua kufuli ndogo bila kukata chochote, na uende na rafiki unayemwamini. Ikiwa imebana, au ngozi imechubuka, nenda moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali. Kama unaogopa atakavyofanya akikukuta bila kola, usimngoje nyumbani. Piga 1195, simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa majumbani. Ni bure, usiku na mchana. Si lazima uanze na habari ya kola. Waambie unaogopa kukutana naye nyumbani, na unahitaji pa kulala usiku huu.