Barua kwa mwanangu: mwache Zuhura na Kikorea chake

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mombasa tu wazima, alhamdulillahi. Mguu umepungua uvimbe na mvua zimeanza kunyesha usiku. Jumapili uliniuliza kwa simu, na simu ikakatika sijakujibu: "Mama, huyu Zuhura yuko kidato cha tatu, mtihani uko mlangoni, na kila nikiingia chumbani mwake namkuta na Kikorea. Nimkataze mpaka amalize skuli, ama nimwache?" Nimeona nikuandikie, maana jibu langu ni refu kuliko salio la simu.

Mwache. Najua hofu zako na sizidharau, nitazifikia. Lakini kwanza nikueleze nilichokiona kwa macho yangu likizo ya Agosti alipokuwa hapa kwangu.

Siku za mwanzo na mimi nilidhani ni mambo ya nyimbo na tamthilia, yatapita. Kisha asubuhi moja nilikuwa uani napaa samaki, naye amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari mapajani, ananung'unika. "Nyanya, kuna maneno matatu hapa mimi nayasikia neno moja." Akanisomea: dal ni mwezi, tal ni kinyago cha kuvaa usoni, ttal ni binti. La kwanza hutamkwa kwa upole, la pili kwa pumzi nyingi, la tatu kwa kubana koo bila pumzi. Wenzake wa darasa la mtandaoni wote yamewashinda.

Nikamwambia alete kiganja. Nikakiweka karibu na mdomo wangu nikasema "taa", ile ya kandili. Nikasema tena "taa", yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Akashtuka. "Nyanya, hilo la pili lina upepo!" Ndiyo, lina upepo. Sisi Wamvita tuna taa na taa, tuna paa la nyumba na paa wa mwituni, tuna kaa la moto na kaa wa mikokoni, na kinachoyatenga ni pumzi ile tu. Vitabuni yameandikwa kwa herufi zilezile. Mimi nilisomesha Kiswahili miaka 31 na sikuwahi kulitaja jambo hili darasani, kwa kuwa halikuwa kwenye silabasi. Mtoto amelelewa Nairobi, nani angemwambia? Tulikaa pale tukitamkiana mpaka adhana ya adhuhuri. Kufika jioni, dal na tal hakosei. Ile ya binti ilibaki inamsumbua.

Salim, mtoto huyu alikwenda Korea kwa daftari, akarudi na swali kuhusu ulimi wa nyanya yake. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Miaka yote niliyosomesha nimetafuta njia ya kumfanya mwanafunzi asikie lugha yake mwenyewe, si kuipita tu kama mlango wa nyumba aliyozaliwa. Zuhura ameipata njia hiyo, na imepitia mbali.

Tangu siku hiyo tukawa tunasoma pamoja. Herufi zao nimezijua zote. Alizitunga Mfalme Sejong mwaka 1443, akazitangaza 1446, kwa sababu Wakorea walikuwa wakiandika kwa herufi za Kichina na mtu wa kawaida hakuwa na miaka ya kukaa kuzihifadhi. Mfalme alisema anawahurumia watu wake wenye la kusema wasioweza kuliandika. Herufi zilikuwa 28, leo hutumika 24. Na tazama zilivyofikiriwa: ㅁ ni umbo la mdomo, nayo ni sauti ya m. ㄴ ni ulimi unaogusa juu nyuma ya meno, nayo ni n. Unapotaka kuongeza pumzi, unaongeza kistari: ㄷ ya dal ikipata kistari kimoja ndani inakuwa ㅌ ya tal. Nilipoonyeshwa hilo niliiweka miwani chini. Kuna mfalme, miaka karibu 600 iliyopita, aliyeipa pumzi kistari chake. Taa wetu wa baharini hajapewa mpaka leo.

Kwa hiyo jambo la kwanza, akusikie wewe babake: asiandike Kikorea kwa herufi za Kizungu. Nimeona nusu ya daftari lake liko hivyo. Herufi zile mtoto mwenye bidii huzijua kwa wiki moja, na akiendelea kujitegemeza kwa abc masikio yake yatabaki ya kukisia.

La pili nilimweleza mimi, nalo si la furaha. Korea ilitawaliwa na Wajapani kuanzia 1910 hadi 1945, na miaka ya mwisho Kikorea kilitolewa maskulini. Mwaka 1942 wanachama wa chama cha lugha yao walikamatwa kwa kosa la kutunga kamusi ya Kikorea. Kisa chenyewe kilianzia kwa wasichana wa skuli moja ya mji wa Hamheung waliosikika ndani ya treni wakizungumza lugha yao. Wasichana wa rika la Zuhura. Wawili kati ya waliokamatwa, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Miswada ya kamusi ikachukuliwa, ikapotea, na vita vilipokwisha ikaonekana ndani ya ghala la stesheni ya treni ya Seoul, Septemba 1945. Wakaanza upya, wakaichapisha.

Nilipomsimulia akaniuliza kama hapa kwetu iliwahi kuwa hivyo. Nikamwambia habari ya diski, ambayo hata wewe sijawahi kukuhadithia. Skuli ya msingi niliyosoma, siku za Kiingereza, aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kipande cha mbao shingoni. Ulikaa nacho mpaka umsikie mwenzako akiteleza, umvishe yeye. Mwenye nacho saa ya kutoka ndiye aliyechapwa. Nilikuwa na miaka tisa, nilimvizia rafiki yangu wa dawati moja nikamvisha. Neno lililomponza lilikuwa "maji". Nalikumbuka jina lake na nalikumbuka shati lake. Zuhura hakusema kitu, alinishika mkono. Sasa niambie ni somo gani la skuli lingetukalisha mimi naye tukazungumza hayo.

Sasa hofu zako. Umesema anajifunza tabia za kigeni. Mimi nimeona kinyume. Lugha ile haikuruhusu kufungua kinywa kabla hujajua u nani kwa yule unayesema naye. Chakula cha mwenzako ni bap, cha nyanya yako ni jinji, na hata kitenzi cha kula kinabadilika. Mkubwa hutangulia kutia kijiko, kitu hupokewa kwa mikono miwili, viatu huachwa mlangoni. Na ndugu! Ndugu mkubwa wa baba yako ni keunabeoji, maana yake hasa ni baba mkubwa. Mdogo wake ni jageunabeoji, baba mdogo. Shangazi ana neno lake, gomo, na khaloo, dada wa mama, ana lake, imo. Kiingereza huwatia shangazi na khaloo katika kapu moja. Zuhura alikuwa akimwita kila mtu "anti". Alipoanza kuyaandika majina ya Kikorea ikambidi aniulize ya kwetu moja baada ya jingine, nani ni nani, kwa upande upi. Tulijaza kurasa mbili, na marehemu babako yumo.

Tahadhari iko hapa, nawe ulikuwa na haki nusu: tamthilia humfundisha maneno ya vijana kwa vijana. Akimwamkia mzee wa Kikorea kwa yale atakuwa kama mtoto aliyempita mzee barazani bila shikamoo. Anahitaji mwalimu, si skrini peke yake. Taasisi za King Sejong za kufundisha Kikorea, zilizoanza 2007, zina masomo ya mtandaoni yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Mwandikishe huko, umwondolee zile video za saa sita usiku. Simu ilale sebuleni. Nusu saa baada ya Maghrib yatosha kila siku, na Jumamosi saa moja. Hisabati ikishuka, punguza tamthilia kwanza, daftari liache.

Kuhusu mtihani, kweli Kikorea hakimo kwenye KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, na hakitamwongezea alama. Ila upo mtihani wao wenyewe wa Kikorea kwa wageni, TOPIK. Wa wanaoanza una alama 200: ukipata 80 umepata daraja la kwanza, 140 la pili. Mpe lengo la daraja la pili, mwaka mmoja baada ya kidato cha nne. Lengo lenye tarehe litamtuliza zaidi ya katazo lako. Ipo pia ruzuku ya serikali yao ya masomo ya chuo kikuu, ambayo mwanafunzi huanza kwa mwaka mzima wa lugha. Usimpe kama ahadi, wanaoomba ni wengi. Lakini ajue mlango upo. Na ajue kwamba huko Korea kuna chuo kikuu cha lugha za kigeni, Hankuk, ambako Wakorea wenyewe wanasomea Kiswahili. Nilipomwambia hili alicheka kwa furaha, kwamba huenda kuna msichana huko anang'ang'ana na ngeli zetu kama yeye anavyong'ang'ana na dal na tal.

Dini nayo isikutie wasiwasi kupita kiasi. Seoul ina msikiti mkubwa, uko Itaewon tangu 1976. Nyama ya nguruwe na pombe ziko kila kona, nimemwambia wazi, naye amejifunza kuisoma herufi kwa herufi ile dwaeji, nguruwe, ili aione kwenye orodha ya chakula kabla haijamfikia mezani. Pia nimemwambia asidhani vijana wa kule wanaishi kwa nyimbo. Mtihani wao mkubwa wa Novemba huzuia hata ndege kuruka na kutua wakati wa kusikiliza Kiingereza, na wengi hutoka masomo ya ziada usiku. Akitaka kuwapenda awapende na uchovu wao.

Basi mwanangu, usimkataze. Keti naye jioni moja, umwambie akuandikie jina lako. Salim huandikwa kwa mafungu mawili, nami nimekwisha kuliandika, liko kwenye karatasi niliyofunga pamoja na barua hii. Mwone kama ataliandika sawa na mimi.

Daftari lake la kijani alilisahau hapa. Nampa dereva wa basi la Alhamisi pamoja na mkebe wa achari ya embe na pweza mkavu. Nenda stesheni mapema. Na mwambie ile ya binti nimeipata. Lizuie neno kooni kidogo, kama unayetaka kumwita mtu kisha ukasita, halafu uliachie bila upepo. Ttal. Nimejaribu mbele ya kioo na kiganja hakikuhisi kitu. Anipigie nimsikilizishe.

Mamako