Sema Kabla ya Kugusa: Niliyojifunza Nikiwahudumia Wazee Dodoma

Nilipoanza kazi ya uuguzi msaidizi katika makazi ya wazee huku Dodoma, niliamini kwamba usalama wa mzee ni jambo moja na heshima yake ni jambo jingine, na kwamba siku ambayo wahudumu ni wachache na maji yamekatika, mtu anaweza kusamehewa akitimiza lile la kwanza tu. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mzee mmoja asiyeona, ambaye macho yake yaliharibiwa na trakoma, ugonjwa unaoenea kirahisi penye inzi wengi na uhaba wa maji ya kunawa.

Ilikuwa alfajiri ya mwezi Julai, wakati baridi na upepo wa Dodoma hupenya hata chini ya mlango. Zamu yangu ilikuwa inakaribia kuisha na wazee wanne walikuwa bado hawajageuzwa. Nilifunua blanketi, nikamshika yule mzee begani na nyongani, nikamgeuza bila kutamka neno. Alidhani anaanguka. Alikamata chuma cha ubavuni mwa kitanda kwa nguvu zake zote, nami nikazidi kuvuta, na ngozi ya mkono wake, ambayo kwa umri ilikuwa imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikachanika. Kidonda kile kilichukua wiki kadhaa kupona. Nilipokuwa nikikisafisha hakunigombeza, alisema tu, "Ungebisha hodi, mwanangu, ningekuachia mwili."

Tangu siku hiyo sikaribii kitanda kimya kimya. Ninabisha hodi hata kama mlango uko wazi, ninaamkia, na kwa wazee wa Kigogo "mbukwenyi" hufungua uso haraka kuliko shikamoo yangu. Kisha ninaeleza kila hatua kabla ya kuifanya: sasa nakushika bega, tunageukia upande wa dirishani, nahesabu hadi tatu. Mzee aliyeambiwa hulegeza viungo na mara nyingi husaidia kwa nguvu kidogo alizonazo, ilhali aliyeshtuliwa hukakamaa, na hapo ngozi yake na mgongo wako vyote viwili viko hatarini. Usimvute kwa makwapa hata siku moja. Akiwa mzito, mwite mwenzako na mtumie shuka la kugeuzia. Kama hakuna mwenzako, subiri.

Kuoga ndiko kunakohitaji busara zaidi, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba utupu wa mtu wa umri wa mzazi hautazamwi. Mimi hutumia khanga mbili, moja kifuani na nyingine kiunoni, nikifunua sehemu ninayoiosha tu na kuifunika kabla ya kwenda nyingine. Sehemu za siri humpa kitambaa ajisafishe mwenyewe kama mikono yake inaweza, na kwa akina mama ninakumbusha kwamba kusafisha kunaanzia mbele kwenda nyuma, ili uchafu usifike kwenye njia ya mkojo. Mzee wa kiume akiomba ahudumiwe na mwanamume, ombi hilo si ubishi.

Maji yapimwe kwa kiwiko chako kabla hayajamgusa, kisha mwulize kama yanamfaa. Lakini kuna wazee ambao jibu lao halitoshi. Waliowahi kuugua ukoma, na wale wenye kisukari cha muda mrefu, huweza kupoteza hisia za mikono na miguu, hivyo mtu atakwambia kwa unyofu kabisa kwamba maji ni mazuri huku nyayo zake zinaungua. Kikombe cha bati chenye chai ya moto kina hatari hiyohiyo. Miguu yao ikaguliwe kila siku, hata katikati ya vidole.

Kuhusu vidonda vya mgandamizo, yaani vile vinavyotokana na kulalia upande mmoja kwa muda mrefu, kanuni tuliyofundishwa ya kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili ni ya kushika. Ninachoongeza ni hiki: tulisoma kwamba dalili ya kwanza ni wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi kuliko pembeni yake, kisha gusa kama pana joto au ugumu, hasa visigino, nyonga na juu ya makalio. Usipasugue.

Chakula nitakisema kwa ufupi. Mzee aketishwe wima, tonge liwe dogo, la pili lisubiri la kwanza limezwe, na abaki ameketi kwa nusu saa hivi baada ya kula. Kulisha umesimama humfanya anyanyue kidevu, na kidevu kikiinuka chakula hupotea njia kirahisi.

Jambo moja dogo linaniudhi: kumwita kila mtu babu au bibi bila kuuliza. Tulikuwa na mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote na hakujaliwa mtoto. Neno bibi lilimuumiza, naye aligoma kula mpaka mtu mmoja alipomwita Mwalimu.

Ukikosea, andika kwenye kitabu cha ripoti kabla hujakabidhi zamu. Mimi niliandika, mikono ikitetemeka, na nikakaripiwa vilivyo, lakini kidonda kilifungwa vizuri asubuhi ileile.

Siku hizi vijana wakija kwa mafunzo ya vitendo, ninawafumba macho kwa kitambaa mmoja mmoja, wanalala kitandani, na mwenzao anawageuza bila kusema. Mwaka huu kijana mmoja mwenye misuli alikamata kile chuma cha ubavuni kwa nguvu kiasi kwamba tulimwachisha kidole kimoja kimoja.